Feni ya Ukuta wa Kaskazini

Oktoba 5, Jumapili

Leo ni siku ya nane tangu niwe mke wa mtu! Nimeandika jina langu jipya mara sita ndani ya jalada la daftari hili: Marit Hruska, Marit Hruska, Marit Hruska. Emmett amenifuma nikiandika, akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali.

"Umeshaolewa, mke wangu. Hakuna anayekuja kukunyang'anya."

"Niache nifurahi. Wewe jina hili umelizoea tangu tumboni."

Nataka kuandika kila kitu cha msimu huu ili tukizeeka tusibishane. Naanza na nyumba. Ni ndogo, iko mteremkoni, upande wa barabarani ina ngazi nane za kupanda mpaka mlangoni. Lakini kwa nyuma, chini, kuna chumba kipana ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye nyasi, bila hata kidato kimoja. Chumba hicho ni cha Bibi Albina. Bado hajaingia, lakini mimi nimeshakiita chake.

Bibi Albina ni nyanya yake Emmett, ana miaka themanini na minne. Alivunjika nyonga mwezi wa Aprili akapelekwa nyumba ya wazee mjini. Sasa anatembea akiegemea kigari chake cha kusukuma, na wale wa nyumba ya wazee wamesema wazi: ifikapo tarehe kumi na tano Desemba tuseme moja. Ama atoke, ama tutie saini akae moja kwa moja. Mwenyewe ameshasema. "Nitatoka humu kwa miguu yangu au kwa jeneza, na jeneza sijalichagua." Baba mkwe wangu, Virgil, ambaye ni mwanawe, anaishi juu ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, na ngazi zake ni za chuma, ishirini na mbili. Kwa hiyo amebaki na chumba chetu tu.

Isipokuwa Baba Virgil ana sharti moja. Lazima kwanza tupime radoni.

Oktoba 7

Emmett ameamka saa tisa na nusu alfajiri kwenda kukusanya maziwa mashambani. Ameniachia karatasi kwenye birika: "Umelala kama kondoo. Nakupenda." Kondoo! Nimeibandika hapa.

Oktoba 10, Ijumaa

Tumetundika kikopo cha kupimia kule chini. Siku tatu madirisha yote yafungwe, halafu kikopo tunakituma maabara kwa posta. Huku kwetu Iowa radoni kila mtu anaijua kama anavyojua mvua ya mawe: gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka ardhini, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na mtu akiivuta miaka mingi inamla mapafu. Babu Ladislav, mume wa Bibi Albina, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu na hajawahi kushika sigara maishani mwake. Walipoipima nyumba yake ya shambani baada ya mazishi, walipata ishirini na mbili. Kinachotakiwa ni chini ya nne.

Ndiyo maana Baba Virgil hataki maneno mengi. Aliniambia jambo hili siku ya kwanza kabisa, akiangalia viatu vyake: "Mama halali chini ya ardhi mpaka nione namba." Nilimwona mtu mkavu. Bado namwona mkavu, Mungu anisamehe. Kwenye harusi yetu alisema maneno matano, niliyahesabu: "Haya. Kila la heri. Kuleni."

Oktoba 13

Mahindi yanaingia kama mto kule ghalani ninakofanya kazi ya mizani. Nimepima malori sabini na moja leo. Lori la sabini na mbili lilikuwa la maziwa, halina mahindi hata punje, na dereva wake akasema amekuja kupima kama mapenzi yana uzito. Mzee Odell, bosi wangu, akamfukuza kwa ufagio. Kwenye mizani hiyohiyo ndipo tulipokutana mimi na Emmett!

Oktoba 18, Jumamosi

Kumi na nne.

Nimeisoma barua mara tatu nikidhani ni moja nukta nne. Ni kumi na nne.

Oktoba 19, Jumapili

Nililia kidogo, lakini leo nimefurahi tena, maana Baba Virgil amekuja baada ya misa na futi yake na chaki. Anasema haina shida. Unatoboa sakafu, unaingiza bomba, feni inaifyonza gesi kutoka chini ya sakafu na kuirusha juu ya paa kabla haijaingia ndani. Ameshawafungia watu kadhaa. Ya kwetu, amesema, ni zawadi ya harusi.

Nimemfuata akizunguka nyumba. Alipoweka alama ya chaki kwenye ukuta wa mashariki nilikuwa namsimulia juu ya mzabibu unaopanda pale, na jinsi tulivyopiga picha ya harusi mbele yake, Emmett akiwa na jani limenasa sikioni, na jinsi picha ile nimeitundika juu ya kitanda, na kwamba ukuta ule kwangu ndio ukuta wa maisha yangu. Nilisema mengi. Nikianza sijui kunyamaza.

Akasema, "Mm."

Oktoba 25, Jumamosi

IMEFUNGWA! Baba na Emmett wameanza saa moja asubuhi. Vumbi la zege limejaa hata kwenye sukari. Bomba jeupe linatoka sakafuni, linapita ukutani, na nje limesimama wima kwenye ukuta wa kaskazini mpaka juu ya paa, feni ikiwa katikati kama chura aliyemeza embe. Sijui kwa nini amehamia kaskazini. Huko nyuma kumejaa: mita ya gesi, mdomo wa kutolea mvuke wa mashine ya kukausha nguo, dirisha la chooni. Ila huwezi kuliona ukiwa barabarani, na kweli nyumba imebaki nzuri.

Kwenye bomba, ndani, kuna kimrija cha plastiki kilichopinda kama herufi U, kina maji mekundu. Feni ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Ikifa, yanalingana. Baba amenionyesha.

"Uwe unakiangalia," akasema.

"Kila siku, Baba."

"Kila siku si lazima."

Kila siku!

Novemba 6, Alhamisi

Moja nukta nane! Moja nukta nane! Nimeikimbiza barua mpaka ghalani na nikamkumbatia Mzee Odell, ambaye hakumbatiwi. Emmett alipotoka kazini tulicheza dansi jikoni, na soksi zake zinanuka maziwa yaliyochacha, na sikujali kabisa. Kesho naanza kupaka rangi chumba cha Bibi. Njano.

Novemba 9

Tumekwenda kumwambia Bibi Albina. Wacheki na Wanorwe huku kwetu ni watani tangu babu zetu wanakata miti, na mimi kwetu ni Wanorwe, tena Walutheri, kwa hiyo kila nikiingia ananipokea kwa matusi, akianzia na samaki tunaowaloweka kwenye magadi.

"Huyu hapa mla samaki wa magadi! Umemlisha nini mjukuu wangu? Amekonda."

"Ameongezeka kilo tatu, Bibi."

"Basi umemvimbisha. Keti. Ni kweli nakuja?"

"Ni kweli. Namba ni moja nukta nane."

Aliufuta mdomo wake kwa leso, akaukunjua mkono wangu na kuuweka juu ya goti lake. "Ladislav wangu alikuwa analala upande wa ukutani," akasema. "Mimi upande wa mlango. Pengine ndiyo sababu yeye akaondoka, mimi nikabaki." Halafu akataka kujua kama nyumbani kwetu wanacheza karata au wanasali tu kama Walutheri.

Novemba 12

Rangi ya njano imekauka na inafanana na haradali. Emmett anasema anaipenda. Mwongo mtamu.

Novemba 21, Ijumaa

Baridi imeuma usiku huu. Asubuhi nimekwenda nyuma kutupa majivu, nikaona kitu cha ajabu: feni imeota ndevu! Ndevu za kijivu kabisa, na chini yake kidevu cha barafu. Nilicheka peke yangu. Nikamwita Emmett aje aone. Yeye hakucheka.

Mdomo wa mashine ya kukausha nguo uko chini tu ya feni, hata hatua moja haifiki. Nikikausha nguo, mvuke wa moto unapanda moja kwa moja na kuiloanisha, na zile nyuzinyuzi za nguo zinanata, na baridi inagandisha vyote pamoja. Emmett ameipasua barafu kwa mwiko wa mbao.

"Tumwambie baba yako," nikasema.

"Tumwambie nini?"

"Kwamba imekaa pabaya."

"Marit. Ni zawadi yake."

"Najua ni zawadi yake."

"Hajawahi kukosea bomba tangu nizaliwe. Ukimwambia hatasema kitu. Atasema 'mm,' halafu hatakuja hapa mpaka Pasaka. Sisi tupunguze tu kukausha."

Sikuelewa, lakini nilimbusu. Kwao watu hawasemezani jambo likiwa limeuma. Wanalizunguka kama ng'ombe anavyozunguka shimo.

Novemba 22

Nimeifuta tena ndevu.

Novemba 24

Ndevu.

Novemba 27, Siku ya Shukrani

Siku nzuri kuliko zote ukiondoa ile ya harusi! Bata mzinga wangu wa kwanza, mgongo umeungua kidogo tu. Asubuhi Emmett alitoka na mwiko kuvunja barafu kabla baba yake hajafika, akarudi pua nyekundu kama mwizi wa kuku. Baba Virgil alimleta Bibi kwa ajili ya chakula, wakapita mlango wa nyuma, na Bibi akaingia chumbani mwake kwa mara ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe!

Alizunguka na kigari chake. Akagonga ukuta. Akakaa kitandani na kurukaruka, na nyonga yake ile, mpaka Baba akaruka kumshika.

"Kigumu kama moyo wa Mlutheri," akasema. "Na hii rangi nani kaitapika?"

"Mimi, Bibi."

"Basi nitaizoea. Nimezoea mabaya zaidi. Virgil, lini?"

"Tarehe kumi na nne, Mama."

"Kwa nini si leo?"

"Kumi na nne. Nitapima tena kwanza, baridi ikishika. Wakati wa baridi ndiyo hupanda."

Katikati ya chakula Baba alisema anakwenda kutazama gari. Alichelewa. Aliporudi, glavu zake zilikuwa zimelowa na kwenye mkono wa koti kulikuwa na nyuzinyuzi za kijivu. Nikaziona. Emmett akaziona. Akaniona nikiziona. Nikasema sasa litasemwa.

"Gari liko salama?" Emmett akauliza.

"Liko salama."

"Ongeza viazi, Baba," nikasema.

Akaongeza viazi. Tukala mkate wa maboga. Bibi akatupokonya karata zote.

Novemba 30

Emmett amekuja na dawa ya tatizo: mashine ya kukausha tusiiguse kabisa. Amefunga kamba kutoka jikoni mpaka chumbani. Chupi zake zinaning'inia juu ya jiko na suruali zangu zinanipiga usoni nikipika. Madirisha yanatiririka maji. Mchungaji amepita kutusalimia akaondoka haraka. Nimecheka siku nzima. Nampenda mwanamume huyu hata akiwa mjinga.

Desemba 4, Alhamisi

Nimefanya jambo baya.

Naliandika lote. Jumanne Baba alileta vitu vya Bibi: kiti chake, msalaba, redio, na duveti lake, blanketi lililojazwa manyoya ya bata bukini, alilopewa na mama yake alipoolewa, zito kama mtu. Lilikuwa linanuka stoo. Nikafikiria jinsi atakavyolala juu ya harufu ile usiku wake wa kwanza kwetu, nikasema hapana. Jana nikalifua. Manyoya hayakauki kwenye kamba, yanaoza. Nikajiambia mara moja tu haidhuru. Nikalitia kwenye mashine ya kukausha na mipira miwili ya tenisi ndani ili manyoya yasigandamane, likazunguka saa nne nzima. Nje baridi ilikuwa imeshuka chini kabisa ya sifuri. Likatoka limefura kama mkate, na harufu yake safi, nami nikalala juu yake kulijaribu, nimefurahi sana.

Leo asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Sikujua kimekosekana nini mpaka nilipofika kwenye kimrija. Maji mekundu yamelingana. Pande zote mbili sawasawa.

Nikatoka na koti juu ya nguo za kulalia. Feni haionekani. Kuna donge la barafu, kubwa kama ndoo, lenye nyuzinyuzi za duveti ndani yake. Barafu imeingia mpaka kwenye kisanduku cha umeme. Nikaligonga kwa mwiko. Nikaligonga tena. Mwiko ukavunjika.

Wakati wa chakula cha mchana nikaenda maktaba kuazima kipimo cha radoni cha umeme, kinachoonyesha namba palepale. Nimekiweka chumba cha Bibi. Jioni: sita.

Desemba 5, Ijumaa

Tisa nukta moja. Inapanda kila nikiangalia, kwa hiyo nimeacha kuangalia, halafu naangalia.

Mama wa nyumba ya wazee amenipigia simu ghalani, kwa upole tu. Kuna familia inasubiri chumba cha Bibi, na kama habanduki wanahitaji saini Jumatatu ya tarehe kumi na tano asubuhi. Nikasema anakuja kwetu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba hata mimi sikuiamini.

Emmett amesema atanunua feni mpya kimyakimya na kuifunga palepale Jumapili, baba yake hatajua. Huo ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza tangu tufunge ndoa!

"Palepale? Juu ya mvuke uleule?"

"Hatutakausha nguo."

"Mpaka lini? Bibi ana miaka themanini na minne, Emmett, nitafua shuka kila siku!"

"Unataka nimwambie baba yangu kwamba amemwekea mama yake kitu kitakachomuua?"

"Ndiyo!"

"Siwezi."

Akakaa kwenye ngazi na mikono yake mikubwa kati ya magoti. Hasira ikanitoka papo hapo. Nilimwona kama mtoto wa miaka sita. Nikamshika shingo. "Basi nitamwambia mimi," nikasema. "Mimi ni Mnorwe, sisi hatuna adabu."

Desemba 6, Jumamosi

Leo nina furaha!

Nimekwenda karakanani saa mbili. Baba Virgil alikuwa anachomelea jembe, cheche zinaruka. Nikasimama mlangoni mpaka akainua kofia yake ya chuma.

"Kuna nini?"

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, ya heshima, imeanza na shukrani. Yote ikanipotea.

"Feni imekufa," nikasema. "Niliiua mimi, kwa duveti la Bibi. Lakini ingekufa tu, Baba, imekaa juu ya mdomo wa mashine ya kukausha, inagandiwa na barafu tangu Novemba, na tumekuwa tukiivunja kwa mwiko na kukuficha, na kule chini sasa ni kumi. Imekaa pabaya. Naomba radhi. Imekaa pabaya."

Akaweka chini kile alichoshika. Akavua glavu moja, kisha nyingine. Nikasubiri ile "mm."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua wakati naifunga. Niliuona mdomo ule nikasema, Virgil, hapa hapana. Mahali pake ni mashariki, pasipo na kitu. Siku ya Shukrani nikaiona barafu. Sikulala."

"Sasa kwa nini, Baba? Ulikuwa umeshaweka alama ya chaki kule mashariki!"

Akaniangalia machoni, sidhani kama alishawahi. "Ulisema ule ni ukuta wa maisha yako."

Mimi! Mimi na mdomo wangu!

"Mke wangu aliondoka kwa sababu sikuwa nasikiliza," akasema. "Ndivyo alivyosema yeye. Sasa yuko Arizona. Nikajisemea, huyu binti akisema kitu, nitamsikiliza. Nikakusikiliza. Halafu nikawa sijui nitarudije nyuma, maana mlikuwa mmefurahi, mnanipa viazi."

Nikalia pale katikati ya mavyuma. Halafu nikacheka, halafu vyote pamoja. "Baba, toboa ukuta ule. Ng'oa mzabibu. Picha ninayo!"

"Una hakika?"

"Ukitaka toboa na picha!"

Basi Baba Virgil akacheka. Sikujua ana meno madogo vile. Akafungua kabati nyuma yake, na ndani kulikuwa na feni mpya bado kwenye boksi. Aliinunua siku moja baada ya Shukrani. Imekaa pale siku nane ikisubiri mmoja wetu afungue mdomo!

Desemba 7, Jumapili

Wamefanya kazi kutwa nzima kwenye theluji, baba na mwana, wanagombana kwa sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia.

"Shika wima!"

"Nimeshika wima!"

"Hiyo kwako ndiyo wima? Mama yako alikuangusha?"

"Wewe ndiye uliyeniangusha, mama alisimulia kanisani!"

Mzabibu hawakuung'oa. Baba ameufunga pembeni kwa waya, polepole, tawi kwa tawi, kama anamsuka mtu nywele. Feni ya zamani imetoka, tundu la kaskazini limezibwa kwa chuma. Maji mekundu yamepanda. Nimemwita "Baba" mara elfu moja.

Desemba 8

Jana wamewasha, leo nne nukta sita. Bado haijashuka ya kutosha. Baba anasema ardhi inahitaji muda. Mimi sina muda!

Desemba 10

Nimekausha nguo zote za nyumba hii. Mvuke unapanda kaskazini peke yake, haugusi kitu. Nimesimama nje kuutazama kama mtu anayetazama fataki.

Desemba 12, Ijumaa

Baba amekuja na kikopo rasmi na kukitundika mwenyewe, juu ya kimo cha kitanda. Kile cha maktaba hakiamini kwa jambo kubwa hivi, lakini kikopo lazima kiende maabara na jibu halitawahi. Kwa hiyo tumekubaliana: kikopo kitakwenda kwa posta, ila uamuzi tutautoa kwa cha maktaba kikikaa saa arobaini na nane, madirisha yote yamefungwa, wastani wake uwe chini ya nne. Kimewashwa saa nane mchana. Emmett amebandika karatasi kwenye mlango wa nyuma: "Atakayefungua atalala na ng'ombe."

Desemba 13

Hatufungui. Tunapita mbele, ngazi nane, kwenye barafu. Nimeanguka mara mbili na sijali. Nimeoka mikate midogo ya Kicheki ya mbegu za mipopi kwa maelezo ya Bibi niliyoandika Siku ya Shukrani, na ya kwanza imetoka kama kokoto. Emmett amekula mitatu. Mitatu!

Desemba 14, Jumapili

Saa saba na nusu tulikuwa wote watatu tumesimama jikoni, hakuna aliyevua koti. Baba alikuwa amemwambia Bibi ajiandae, lakini hajamwambia kwamba atakuja. Saa nane kamili tukashuka. Baba akasema nisome mimi. Nikasema asome yeye. Emmett akasema tutazeeka hapa. Baba akakichukua kile kidude kwenye kiganja, akakisogeza mbali, akavaa miwani.

Akanipa mimi. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, haoni.

"Moja nukta sita!" nikapiga kelele. "Wastani, moja nukta sita!"

Emmett akaninyanyua juu, kichwa changu kikagonga taa. Baba akauangalia ukuta wa haradali, akapenga kamasi, akasema, "Haya. Twendeni tukamchukue."

Na saa kumi jioni Bibi Albina akaingia kwa mlango wa nyuma, kigari chake kikichora mistari miwili kwenye theluji, akipiga kelele kwamba tumemweka kwenye foleni kama maziwa.

Desemba 15, Jumatatu

Nimeipigia simu nyumba ya wazee asubuhi saa mbili. Nimesema, "Hakuna saini." Nimelirudia ili nilisikie tena.

Desemba 16, Jumanne

Baba Virgil amepita alfajiri kabla ya kufungua karakana. Alisema amekuja kuangalia feni. Kaiangalia, ni sekunde tano. Kisha nikamkuta amekaa kwenye ngazi za ndani zinazoshuka kwa Bibi, kofia mkononi, hata kahawa hakutaka.

Bibi alikuwa anakoroma. Mungu wangu, mwanamke mdogo vile! Kama trekta linalokataa kuwaka. Nikadhani kelele zimemkera, nikataka kuomba radhi.

"Keti," akaninong'oneza. Nikaketi kidato cha juu yake.

Tukasikiliza. Linapanda, linakwama, linashuka.

"Baba yangu mwaka ule wa mwisho hakukoroma hata siku moja," akasema. "Hakuwa na pumzi ya kukoromea. Mama alikuwa anakaa macho usiku kucha kwa sababu ya ule ukimya."

Nikaweka mkono wangu begani kwake. Hakuutoa.

Trekta likazimika ghafla. Kitanda kikalia.

"Virgil! Nakusikia unavyopumua huko kwenye ngazi. Ama shuka, ama panda!"

Akasimama, akajifuta uso kwa kofia, akashuka.